Kilio cha Dorothée

Kazi moja, tarehe 5 mwezi wa nane

Sijamwambia mtu yeyote. Wala Mama, wala padri. Kila ninapoaga nyumbani kwamba nakwenda mazoezi ya kwaya, siendi kwaya. Nakwenda kwa Dorothée.

Dorothée ni mashine. Ile ya kupakia kokoto kwenye mabehewa, yenye magurudumu makubwa na ndoo ya chuma mbele. Sharjeze, wazee wanaiita. Gurudumu lake linanipita urefu, nami si mfupi. (Binamu yangu Mira anasema mimi ni nguzo ya umeme isiyo na umeme.) Amekaa kwenye uwanja wa zamani wa mawe, nyuma ya reli, tangu kabla sijazaliwa. Rangi yake ilikuwa ya njano. Sasa ni ya chai. Napanda ngazi, nakaa kwenye kiti cha dereva, nashika usukani, naangalia mbele. Hakuna kinachotokea. Ndiyo saa nzuri kuliko zote za siku yangu.

Kiti hicho kilikuwa cha Nkambo Muteba, babu yangu. Alimwendesha Dorothée mpaka kampuni ilipofunga. Wakati huo, anasema, mtaa mzima uliamka kwa king'ora kimoja. Maarusi walipigwa picha ndani ya ndoo, bwana, bibi na wasimamizi, na nafasi ikabaki! King'ora hakilii tena, lakini Nkambo bado anakisikia. Kila alfajiri anavaa ovaroli yake ya buluu, anafunga vifungo vyote, anakunywa chai, halafu anakaa barazani kwa sababu hakuna pa kwenda. Ajabu ni kwamba hasikii kitu kingine chochote. Dorothée alimla masikio.

Hata siku zetu hapa zina majina ya kazi. Jumatatu ni kazi moja, kisha kazi mbili, mpaka kazi tano. Halafu posho, siku ambayo watu walipewa chakula chao cha juma. Kazi imekwenda. Posho imekwenda. Majina yamebaki. Mimi nimemaliza shule juzi tu, na naishi ndani ya juma lenye kazi tano bila kupata hata moja.

Leo habari mbaya. Mira, anayeuza vocha za simu sokoni na kujua mambo yote, ameniambia kwamba Papa Swedi amemnunua Dorothée. Papa Swedi hununua mitraille, yaani vyuma chakavu. Watamkata kwa moto kazi tano. Mira alisema hayo huku anakula karanga. Akaniuliza kwa nini nimebadilika sura. Nikasema ni vumbi.

Nimeapa. Dorothée hakatwi kabla Nkambo hajakaa tena kwenye kile kiti.

Kazi mbili, tarehe 6

Nimemwomba Nkambo twende uwanjani. Ilibidi nipige kelele. Jirani wa upande wa pili akajibu kabla yake, akasema yeye ana shughuli.

Nkambo amekataa. Amesema: "Niende kuangalia nini? Mashine yenye kulala? Minyi siko turisti." Kisha akafuta goti la ovaroli, ingawa halikuwa na uchafu. Hajakanyaga uwanja ule tangu siku waliyomwambia azime injini. Mama anasema tumwache, kuna watu hawawezi kutembelea walikofukuzwa.

Basi, mpango wa kwanza. Nimechukua chaki iliyobaki shuleni na kuandika kwenye gurudumu kwa herufi kubwa: HAPA NYOKA. MUKUBWA SANA. Nikachora na nyoka mwenyewe. Alifanana na soksi, nikamwongezea meno.

Nani atakata chuma chenye nyoka? Nimelala kwa raha.

Kazi tatu, tarehe 7

Loo!

Sikufikiria kwamba ni kiangazi. Wakati wa kiangazi watu wetu wakisikia mnyama yupo kwenye majani, hawakimbii. Wanawasha moto. Nusu ya mtaa ilikuja na fimbo na viberiti. Wakachoma majani yote kuuzunguka uwanja, wakangoja nyoka atoke. Walitoka panya. Watu wakafurahi, wakawachoma na kuwala papo hapo.

Sasa uwanja ni mtupu kama kipara. Papa Swedi alipita, akashuka kwenye lori lake, akasema alikuwa anahangaika namna ya kuingiza lori kwenye majani yale, Mungu awabariki waliomfungulia njia. Mira, anayeujua mwandiko wangu, akanisukuma mbele, akasema ni mimi niliyemwona nyoka. Papa Swedi akanishukuru kwa mikono miwili.

Dorothée amepata masizi ubavuni. Nimemfuta kwa kitenge changu. Nikamwomba radhi.

Kazi ine, tarehe 8

Mpango wa pili. Huu hauna moto.

Nimewaza hivi: ni kitu gani kinachosimamisha kila mtu hapa, mkubwa, mdogo, Mkatoliki, Mwislamu? Kilio. Ukiona matawi ya mchikichi yamesimamishwa kando ya barabara, unajua kuna msiba. Gari linapunguza mwendo. Muziki unazimwa. Hakuna mtu anayegonga chuma penye kilio.

Nimekata matawi nyuma ya kanisa. Kesho mapema nitayasimamisha njiani. Wakiniuliza nani amekufa, nitataja shangazi wa Kabondo-Dianda, maana barabara ya huko ni mbaya na hakuna atakayekwenda kuhakikisha. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. "Ni shangazi." Nimesema vizuri sana. Hata nimetokwa na chozi.

Kazi tano, tarehe 9

Bado nanuka moshi wa gogo. Naandika hivyo hivyo.

Lori lilifika, likaona matawi, likasimama. Dereva akazima muziki. Papa Swedi akashuka, akavua kofia, akanijia taratibu. Akasema: "Pole, mwanangu. Nani ametutoka?"

Macho yale! Hakuna aliyewahi kuniangalia kwa huruma kiasi kile. Shangazi akakimbilia Kabondo-Dianda, asionekane tena. Kinywani likabaki jina moja tu, ninalolisema kila siku.

"Dorothée," nikasema.

"Innalillahi," akasema Papa Swedi. Akawaambia wakataji wake waweke chini mitungi ya gesi, wakalete mikeka, makaa na sukari. Kazi ingengoja.

Nimeshinda! Niliwaza hivyo kwa muda wa kunywa maji. Halafu nikamwona Mira ng'ambo ya njia, na simu sikioni.

Sikukumbuka jambo moja. Dorothée yupo mwingine. Mama Dorothée, kiongozi wa kwaya ya parokia. Kwaya ile ile ninayodanganya kwamba naiendea.

Jua halijapanda sana, akina mama wa kwaya wakaja, vitenge vimefungwa kiunoni, wanalia tangu barabarani. Mmoja akajitupa chini. Mwingine akasema jana tu alimpimia unga Mama Dorothée, naye akacheka vizuri, kumbe alikuwa anaaga. Wanaume wakawasha gogo. Wakauliza mwili uko wapi. Nikaonyesha upande wa mashine. Wakafikiri uko nyuma yake. Wakaanza kuimba.

Katikati ya wimbo akaja mama mnene mwenye beseni kichwani, amekasirika. Ni yeye. Alikuwa anatoka sokoni, akasikia kwaya yake inaimba bila yeye, tena vibaya.

"Bamama! Sauti ya pili iko wapi? Munaimba sawa mbuzi! Na nani alikufa?"

Gogo likapasuka.

"Weye," akasema mmoja.

"Minyi?"

"Weye, mama."

"Minyi njo niko hapa!"

"Njo vile balituambia," akajibu yule mama, kwa sauti ya mtu aliyetapeliwa.

Wawili wakakimbia. Aliyekuwa amejitupa chini akainuka, akajipangusa, akataka kujua ni nani aliyepeleka habari. Mira akaninyooshea kidole. Wote wakanigeukia. Nikafanya kile mwili wangu unachojua kufanya: nikapanda ngazi, nikajificha kwenye kiti cha dereva. Kioo hakipo, nilionekana mwili mzima. Nikasema kutoka huko juu, sijui kama walinisikia, kwamba Dorothée ni huyu. Huyu niliyekaa ndani yake. Kwamba na yeye alikuwa mtu, kwa namna yake. Kwamba wanataka kumkata na hakuna aliyemlilia.

Mama Dorothée akavua kiatu kimoja.

Hapo watu wakaachiana njia. Nkambo.

Ovaroli ya buluu, vifungo vyote. Nyuma yake Papa Kyungu, fundi wa zamani wa uwanja, anahema. Baadaye nilielewa: Nkambo aliona wanawake wanakimbia, akauliza kuna nini, na Papa Kyungu akampigia kelele sikioni: "Dorothée alikufa!" Mji wetu mzima wa Kamina ulisikia jina lile ukaelewa mama wa kwaya. Kiziwi peke yake ndiye aliyesikia sawasawa.

Alikataa kuja kutazama mashine. Lakini kilio hakikataliwi.

Hakumwona mtu yeyote. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye gurudumu, akaweka kiganja juu ya mpira, akasema: "Baliniambia nizime. Nilizima. Haukukosea kitu, mama. Haukukosea." Kisha akalia, kwa sauti kubwa mno, maana hajui sauti yake ina ukubwa gani.

Mama Dorothée alimtazama. Alitazama kiatu. Akakivaa. Akasema kwa ukali: "Sauti ya pili, simameni huku. Tuanze tena." Wakaimba. Vizuri sana safari hii.

Nikashuka, Nkambo akapanda. Ngazi ile hakuitazama, miguu iliijua. Akakaa. Mikono yake ikashika usukani na mabega yake yakabadilika. Sijui niandikeje. Nimemjua babu maisha yangu yote na sikuwahi kumwona. Leo nilimwona.

Papa Kyungu akamwomba Papa Swedi betri ya lori. Papa Swedi akaifungua mwenyewe. Wakaunganisha waya kwenye honi, mara ya kwanza kimya, mara ya pili cheche, halafu Dorothée akalia! Kunguru wote wakaruka. Watoto wakaziba masikio. Nkambo akainama dirishani, akaniuliza kwa kelele: "Salomé! Inalia?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hakuridhika. Akaweka kiganja kwenye chuma, akafunga macho, akaisikia honi kwa mkono mpaka betri ikaisha.

Yenga, tarehe 11, siku ya Mungu

Nilidhani baada ya hayo Papa Swedi angesema basi, mashine ibaki. Nilimngojea aseme. Wazee waliofanya kazi uwanjani walikuja posho yote na leo baada ya misa. Wanakaa kwenye mikeka yake, wanakunywa chai yake, wanasimulia treni za makaa ya mawe zilizokuja kutoka Luena, na magari ya mishahara, na mpira wa kampuni. Nami nasikiliza, na moyo unauma kwa kukosa mambo ambayo hayakuwa yangu.

Papa Swedi alikaa nao. Alisikiliza. Mwishoni alisema, kwa adabu kabisa, kwamba maiti haikai. Kilio kikiisha watu huzika. Lakini kwanza, alisema, ndugu hugawana vitu vya marehemu, hivyo ndivyo desturi, na yeye si mtu wa kuvunja desturi.

Nimezidiwa akili kwa matawi yangu mwenyewe.

Papa Kyungu amechukua honi. Mwingine kibao cha namba. Nkambo ameomba kiti.

Kazi moja, tarehe 12

Wamemkata. Sikwenda. Nkambo alikwenda, na ovaroli, akasimama mpaka mwisho kama mtu aliye zamu.

Nyumbani harufu ilitufikia. Mira alikuja, akakaa nami. Akanipa karanga.

Kazi tano, tarehe 16

Adhabu yangu: kwaya. Ya kweli. Mama Dorothée amenitia sauti ya pili na kunisimamisha mbele yake, anione. Ananiita Marehemu. "Marehemu, fungua kinywa." Watu wote wanacheka. Nimeahidi mbele ya Mama, padri na yeye kwamba sitasimamisha tena tawi la mchikichi maisha yangu.

Kiti kipo barazani. Alfajiri Nkambo anasikia king'ora chake, anafunga vifungo, anakunywa chai, anakaa. Sasa ana pa kukaa. Wakati mwingine mguu wake wa kulia unakanyaga kitu kisichopo, polepole, na anaangalia mbele, juu ya paa za watu. Mimi nakaa chini karibu naye. Hakuna kinachotokea.

Ila jana mzee mmoja alimwambia, kwa kelele, kwamba huko Luena ipo mashine nyingine. Kubwa kuliko Dorothée! Imelala karibu na mashimo ya makaa ya mawe, na wanunuzi wa mitraille wameanza kuizunguka. Ule mguu wa Nkambo ulisimama.

Treni ya Luena ikipatikana, nitakwenda. Matawi nimeshayakata, yapo nyuma ya choo ndani ya ndoo ya maji, yasinyauke. Tatizo la mara iliyopita lilikuwa jina tu. Kwa hiyo safari hii nimeuliza jina mapema. Madereva waliiita Safi. Mke wa Papa Swedi pia anaitwa Safi, ni kweli, na kwao ni Luena, na mwezi huu amekwenda kuwasalimu ndugu zake. Lakini nani atachanganya mambo hayo?

Wewe uliyesoma mpaka hapa, nakuomba. Usimwambie mtu. Nyumbani wanajua nakwenda kwaya.