Wako Aenda Kuposa na Wagiriki

Tangu Isiolo iwe Isiolo, watu wameharibu posa zao kwa ulevi, kwa uvivu na kwa midomo ya majirani. Wako, fundi wa simu, ndiye wa kwanza kuharibu yake kwa Wagiriki.

Kitabu alikipata kwa muuza mitumba. Ndani mlikuwa na wanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na mmoja alimteka kabisa: mzee aliyezurura sokoni akiwauliza watu: wema ni nini, haki ni nini, mpaka wakakuna vichwa. Wako akaona huyo ndiye mtu. Hakuwa amefika ukurasa ambapo wanamnywesha sumu.

Wiki hiyo hiyo mjomba wake, Kuno, akampeleka mtaa wa Bulla Pesa kumposa Lul. Babake Lul, Mzee Shuriye, aliuza ngamia na kuongea kidogo. Salaam zikapita, chai ikamiminwa.

"Kijana, utamtunza binti yangu?"

Jibu lilikuwa neno moja. Mjomba alikuwa amemfundisha neno lenyewe njia nzima.

Wako akakunja nne. "Kwanza, mzee, kutunza ni nini?"

Mjomba akapaliwa na chai.

"Ni kumlisha, kumvisha, kumpeleka hospitali akiugua," mzee akasema taratibu.

"Lakini hata ngamia unamlisha na kumtibu. Kwani umemwoa?"

Nyuma ya pazia mtu akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Mzee Shuriye hakucheka.

"Wewe ni mtu mwema?" akauliza.

Wako karibu aruke kwa furaha. Hilo lilikuwa swali la Ugiriki kabisa.

"Mzee, mwenye hekima hukubali kwamba hajui. Kwa hivyo nakwambia wazi: mimi sijui kitu."

Mzee akamgeukia Kuno. "Umesikia. Amesema mwenyewe. Sasa binti nampa mtu asiyejua kitu, ili iweje?"

Wakatolewa nje kwa heshima, chai haijapoa.

Jioni Lul akapiga simu. "Wako, unanitaka ama hunitaka?"

Wako akafungua mdomo. Kutaka ni nini? Swali lilimjia tamu, likafika kwenye ulimi. Akalimeza kama dawa ya malaria.

"Nakutaka, Lul. Nakutaka sana."

"Sawa. Nimembembeleza baba, amekubali mrudi Ijumaa. Lakini ametoa sharti."

"Lolote! Sharti gani?"

"Mjomba wako ataingia kuongea. Wewe utangoja kwa gari."