Pampu Mpya za Wana-Skelbeck

Mheshimiwa Diwani Ollerenshaw. Baba Kasisi uliyetuazima ukumbi huu wa kanisa. Daktari Venkatesan wa zahanati yetu. Mwenyekiti wa Kikundi cha Wagonjwa, Makamu wake na Kaimu Katibu wake. Wazee mliochimba makaa ya mawe hadi mgodi wetu wa Skelbeck ukafungwa. Na ninyi mliosimama kwa kukosa viti: mimi, Desmond Pilling, Mratibu Mkuu wa Matumizi Fanisi ya Dawa, nawasalimu kwa niaba ya ofisi yangu, ambayo ni mimi. (Makofi machache. Kikohozi kingi.)

Miaka miwili iliyopita, katika chati ya jimbo inayoonyesha kila zahanati inaandika dawa gani na kwa gharama gani, sisi tulikuwa nukta nyekundu kule juu kabisa kwa gharama, peke yetu, aibu tupu. Leo, kufuatia mkakati shirikishi nilioubuni, nikausimamia na kuutathmini mwenyewe, sisi ni nukta ya kijani, na gharama ya dawa za kifua imeshuka kwa asilimia thelathini na nane nukta nne. (Sauti kutoka nyuma: "Na mazishi yamepanda kwa ngapi?" Kicheko.)

Siri ya ushindi ni pampu mpya ya kifua, ya dawa ya unga, ambayo bei yake ni nusu ya ile ya zamani ya kupuliza, na ambayo mgonjwa anatakiwa tu kuvuta pumzi kwa nguvu. (Bi Nora Raistrick anasimama: "We Desmond, nimekubadilisha nepi mimi! Clifford wangu hiyo nguvu ataitoa wapi? Mapafu yamejaa vumbi la mgodi. Anavuta, unga unabaki mle mle kwenye pampu. Tangu Jumatatu analala amekaa kitini.")

Mrejesho wako nimeupokea, Bi Nora, na nitauingiza katika maoni chanya, kwa kuwa umethibitisha kwamba pampu ilifika. Tena ondoa shaka: hakuna aliyebadilishiwa kiholela. Wagonjwa wote mia nne na kumi na wawili, mumeo akiwemo, waliitwa mmoja mmoja na mfamasia wetu wa mapitio ya dawa, akawakalisha, akawapima nguvu ya pumzi, ndipo akaamua. (Bi Nora: "Clifford hajaitwa na mtu." Mzee mmoja: "Hata mimi." Mikono inainuka safu kwa safu. Daktari Venkatesan: "Bwana Pilling, huyo mfamasia hata mimi sijawahi kumwona.") Ni mtu asiyependa kujionyesha, Daktari.

Sasa semeni nami: Pumua kwa tija! (Kikohozi tu.) Nukta ya kijani, afya ya jamii! (Mtu mmoja anaanza kuitikia, anaishia njiani.)

Shukrani za pekee zimwendee mfamasia huyo, ambaye angekuwa hapa kupokea cheti hiki kama nafasi yake ya kazi ingekuwa imeshatangazwa. Itatangazwa mwakani, fedha zikipatikana, naye atawapima wote kama nilivyokwisha kuripoti. (Bi Nora: "Kwa hiyo aliyembadilishia mume wangu ni nani?") Kompyuta, mama, kwa kubonyeza mara moja. (Bi Nora: "Basi Daktari huyu hapa, amwandikie ile ya zamani sasa hivi!") Anaruhusiwa kabisa, mama, kwa fomu namba tisa. Inahitaji saini moja tu, ya mfamasia wa mapitio. Asanteni kwa kunisikiliza.