Picha Mpya Nyumbani kwa Jumaa

Jumatatu, 3 Aprili 1995

Mke wangu Mwanatumu ameondoka. Nilidhani amekwenda bombani, kumbe amekwenda kwa mamake, Jomvu Kuu. Nimesimama jikoni na sufuria tupu mkononi. Bado siamini.

Kisa ni jirani yetu Nicanor, wa kiwandani. Juzi alimchukua mkewe Milcah hadi kisiwani, wakaingia sinema kutazama picha mpya ya Kihindi. Jana Milcah akaisimulia bombani tangu mwanzo hadi mwisho, na machozi juu. Mke wangu akarudi na ndoo nusu. Akanikumbusha kwamba Sikukuu ya Idi nilimwahidi kumpeleka sinema. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba mwenye akili hafungi safari kwenda kukaa gizani na watu asiowajua, kunguni wakimla mapaja, ilhali picha iyo hiyo itatoka kwenye kaseti naye aitazame miguu juu. Niliona nimesema vizuri. Leo narudi kutoka kazini Kipevu, kabati li wazi, buibui lake jipya halipo.

Jumatano, 5 Aprili

Nimekwenda Jomvu Kuu. Shikamoo nyingi. Mama mkwe, Bi Barke, alinipokea kwa chai isiyo na sukari. Baba mkwe, Mzee Jaffar, hakuwapo. Alikuwa Kisauni kumtazama mgonjwa. Mgonjwa huyo anaumwa tangu mwaka jana na Mzee hakosi kwenda. Watu wenye huruma namna hiyo wamebaki wachache.

Bi Barke akaniambia, "Jumaa mwanangu, mwanamke hutaka kutolewa." Nikamwambia nimemsikia. Akasema yeye mwenyewe hajatolewa miaka na miaka, maana Mzee humwambia magoti yake hayaziwezi ngazi za sinema. Nikawahurumia wote wawili. Hapo hapo nikatoa ahadi: Jumapili alasiri, picha yenyewe, nyumbani kwangu Changamwe. Waje wote. Mwanatumu alikuwa nyuma ya pazia. Nilimsikia akishusha pumzi. Ya furaha, nadhani.

Alhamisi, 6 Aprili

Mambo yanakwenda. Kenga, dereva wa lori pale bandarini, ameniletea kaseti. Asema imetoka Dubai moja kwa moja.

Deki ya kuchezea kaseti sina. Mwenye deki mtaani ni mmoja tu, Nicanor. Hili nalo limenishangaza: mtu ana deki chumbani kwake, na bado huenda sinema. Nikamwambia mama mkwe wangu anataka kusikiliza mawaidha. Akanipa papo hapo, akaifuta vumbi kwa shati lake. Nilijisikia vibaya mpaka kwenye kona ya nyumba yake.

Televisheni yangu haina rangi. Nimepata ile plastiki ya kubandika kwenye kioo: buluu juu, nyekundu katikati, kijani chini. Nimeijaribu kwa taarifa ya habari. Msomaji ana paji la buluu na tai ya kijani. Haina neno.

Jumapili, 9 Aprili

Nitaandika kama yalivyotokea.

Walikuja. Mwanatumu na mamake, majirani, hata Milcah, maana nilishindwa kujizuia kumwalika ajionee kwamba si yeye peke yake apataye picha mpya. Milcah akaja na mumewe. Nicanor akakaa mbele kabisa, akauliza mawaidha yanaanza lini. Nikawasha deki.

Kwanza vikatokea vichwa. Vichwa vya watu, safu nzima, na picha iko mbali mbele yao, ndogo kama dirisha la jirani. Mtu akakohoa. Bi Barke akamwambia Milcah pole. Milcah akasema si yeye. Kisha ikapita sauti ya mwanamume akiuza njugu. Nikashangaa kwamba Dubai nako njugu huuzwa kwa Kiswahili.

Nicanor akasema hapo si Dubai. Hapo ni kisiwani, kwenye roshani, yeye na mkewe walikaa safu ya chini yake. Mtu aliingia na kamera akairekodi sinema nzima, na watu wake. Nikawaambia hiyo ndiyo raha yenyewe, picha na ukumbi kwa pamoja. Hakuna aliyeniunga mkono.

Ikafika mapumziko. Mle ndani ya kaseti taa zikawaka. Kichwa kimoja cha mbele, chenye kofia ya vito iliyoshonwa kwa mkono, kikageuka kumwita muuza njugu. Kikatutazama usoni.

Mzee Jaffar. Paji la buluu, lakini ni yeye.

Mzee akapokea njugu zake, akacheka na jamaa wa pembeni, akainuka akapanda ngazi za roshani mbili mbili kama mtu anayewahi mpira.

Bi Barke akasema polepole, "Magoti hayo."

Akaniomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Mzee akapanda tena. Akaniomba mara nyingine, na hapo deki ikaitafuna kaseti. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Bi Barke ametangaza kwamba Jomvu Kuu harudi. Anakaa kwangu. Mwanatumu anakaa na mamake, kwa hiyo naye amerudi. Kwa upande huo mpango umefaulu.

Jumanne, 11 Aprili

Kitanda ni chao. Mimi nalala kwenye viti.

Leo Mzee Jaffar amenisubiri langoni Kipevu. Nilitarajia bakora. Badala yake akaniuliza kwa sauti ya chini kama kaseti ilimwonyesha siku moja tu. Nikasema siku moja. Akashusha mabega. Akaniambia mgonjwa wa Kisauni hayupo. Kuna kile kiti cha roshani tu. Tangu ujana wake, ndipo mahali pekee ambapo hakuna anayemwita.

Nikampa ushauri. Akane. Nimeshapanga maneno: yule ni Mwarabu wa Dubai, wamefanana. Akauliza, "Niukane uso wangu?"

Akafuatana nami hadi nyumbani. Akavua kofia mlangoni, na mbele yangu mimi, mkwewe, akamwambia mkewe kila kitu. Nilitamani ardhi inifunike. Sijapata kumwona mtu akisema kweli bila kulazimishwa.

Akasema, "Nilitaka kukaa peke yangu kidogo, Barke. Nikaona haya kukwambia."

Bi Barke aliipokea ile kofia. Kisha akasema, "Ungeniambia. Ningekaa safu ya nyuma, nisikusemeshe."

Nikaenda jikoni. Moshi ulikuwa mwingi huko, ingawa jiko lilikuwa limezimwa.

Jumamosi, 15 Aprili

Wamekwenda sinema, Mzee na mkewe na Mwanatumu. Mwanatumu kavaa buibui lake jipya na viatu ambavyo sijawahi kuviona. Alisimama mlangoni akaniambia twende. Nikamweleza kwamba nusu ya kwanza nimekwishaiona, na ya pili atanisimulia. Akasimama tena kidogo, halafu akaenda.

Nami nilikuwa na kazi, kuchokoa utepe kwenye deki ya Nicanor kwa kijiko. Nicanor hajagomba. Kila tukikutana huniuliza tu kama mawaidha yalimwingia mama.

Jumatatu, 17 Aprili

Sikukuu ya Pasaka, hakuna kazi. Bi Barke amerudi Jomvu Kuu na mumewe, wakicheka njiani kama wachumba. Kitanda nimekipata.

Mchana Mwanatumu alikaa kando yangu. Akaniambia picha ilikuwa nzuri, lakini kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu, akaweka mkoba. "Sikutaka picha, Jumaa," akasema. "Nilitaka wewe ukae pale."

Nimepigwa na butwaa. Nimeyafikiria maneno hayo tangu adhuhuri, nikayageuza huku na huku, na sasa nimemwelewa kabisa. Tatizo letu ni kuchelewa. Picha tunaipata baada ya Milcah. Tungeipata kabla yake, habari ya viti isingezuka.

Kenga asema kuna hoteli kule Shelly Beach inayotupa dishi lake la zamani, lile kubwa la kunasa picha kutoka angani. Lanasa za India kwenyewe, kabla sinema yoyote haijaziona. Ni pana kupita paa letu, lakini Kenga ana lori, na ukuta wa Nicanor uko karibu.

Nimempa Mwanatumu habari njema: hatakuwa na haja ya kutoka tena maishani.