Ligi ya Katuni na Msiba wa Mzee Kisigino

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimepata wazo! Vijana wa stendi wana ile ligi ya kwenye simu: unachagua wachezaji, wakifunga bao Ulaya, wewe huku Biharamulo unapata pointi. Mpira siujui. Katuni nazijua. Basi nimeanzisha ligi ya gazeti letu la katuni, Mtaa wa Saba, linalochorwa kule Ngara na kufika kwa basi kila Alhamisi. Kila mtu anachagua wahusika watatu. Mhusika akionekana kwenye picha au akitajwa jina, pointi moja. Akifanya kazi au akipigana, tatu. Akifa, zinakatwa kumi. Matoleo matatu, bingwa anapatikana.

Nahodha wangu ni Fundi Nyundo. Siku haipiti hajashika nyundo au kola ya mtu. Zawadi: baiskeli. Ya mke wangu, Avelina. Sijamwambia. Ya nini kumsumbua, wakati bingwa ni mimi?

Alhamisi, 5 Juni
Nimempa shikamoo Mwalimu Tecla, mstaafu, ndiye mhesabu pointi. Marahaba, kisha matokeo. Mimi 31. Protasi kinyozi 38! Nahodha wake ni Mzee Kisigino, asiyejua kazi yoyote ila kuingia nyumba za watu wakati wa chakula. Lakini anaingia kila nyumba, kwa hiyo yumo kila picha. Protasi kaniuliza mbele ya wateja kama baiskeli ina breki. Mshenzi.

Avelina kasema Jumapili anakwenda Bisibo kama kawaida, kumpelekea mama yake dawa ya miguu. Nimemjazia upepo magurudumu yote mawili. Nimejisikia mume mwema.

Jumamosi, 7 Juni
Nimefika Mbuba, kule Ngara, na jogoo mkononi. Mchoraji anaitwa Nzeyimana. Asubuhi analima, jioni anachora. Nilimsifia kalamu yake mpaka mkewe, Véronique, akatoka jikoni kutazama mgeni ana shida gani. Nikasema Mzee Kisigino amechoka, apumzishwe. Nzeyimana akasema amemchora miaka sita, lakini kweli, kila mtu ana siku yake. Machozi yakamlengalenga. Akampokea jogoo.

Alhamisi, 12 Juni
Kafa! Picha ya mwisho kabisa, kaanguka na kipande cha muhogo mkononi. Mimi 64, Protasi 59. Protasi kanyoa watu vibaya kutwa nzima. Nimempa pole.

Alhamisi, 19 Juni
Balaa. Toleo zima ni msiba! Nilisahau jambo ambalo hata mtoto wa hapa analijua: kukiwa na msiba, jembe haliendi shambani. Hakuna anayefanya kazi. Hakuna anayepigana. Fundi Nyundo kakaa mkekani tangu ukurasa wa kwanza, kajifunika blanketi. Nikadai angalau jeneza kalipigilia yeye. Mwalimu Tecla akavaa miwani, akasema jeneza lilinunuliwa mjini.

Na marehemu? Anatajwa kila picha! Kila mwombolezaji anakumbuka alivyomlia ugali wake. Pointi 44. Mimi 9. Nikakata rufaa, kwamba maiti hachezi ligi. Mwalimu akanisomea kanuni kwa mwandiko wangu mwenyewe: au akitajwa jina.

Ijumaa, 20 Juni
Protasi kaja kuchukua baiskeli. Avelina alidhani anaazima, akamwonyesha mnyororo unavyorudishwa ukichomoka. Ikabidi nimweleze. Hakupiga kelele. Aliuliza tu Bisibo ataendaje. Bora angepiga kelele.

Jumapili, 22 Juni
Avelina kaondoka asubuhi kwa miguu, ndizi kichwani, dawa kaifunga kwenye pindo la kitenge. Nimemtazama mpaka alipokata kona. Nimeapa baiskeli itarudi nyumbani.

Mchana nikamwendea Protasi. Msimu wa pili! Yeye anaweka baiskeli, mimi naweka cherehani. Ni ya Avelina, ndiyo, lakini leo hayupo wa kuulizwa. Na safari hii nimejifunza: nahodha wangu ni marehemu Mzee Kisigino. Protasi kakubali haraka mno, woga huo. Kamchukua Fundi Nyundo, maskini.

Mwalimu Tecla kaniuliza kama nimesoma tangazo la ukurasa wa mwisho, kwamba toleo lijalo wanaanua matanga na watu wote wanarudi kazini. Nimemwambia kwa heshima, matangazo huwa sisomi.