Falsafa ya Miguu ya Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Mimi bwana nina bahati ya kuzaliwa nayo. Wenzangu wanahangaika kuitafuta, mimi inanifuata hadi chooni! Leo tena. Naingia ukumbi wa maktaba kukwepa jua, nakuta mhadhara wa bure: falsafa na msongo wa mawazo. Feni. Viti vya sponji. Mhadhiri mwembamba kama sindano ya cherehani akasema mambo ya dunia yako makundi mawili. Kundi la kwanza ni yale yasiyo mikononi mwako: hayo yaache yaende zake. Kichwa kikafunguka, kwii! Alipokuwa anakaribia kundi la pili nikanusa chai mlangoni. Nikatoka. Mtu mwenye akili zangu, nusu inatosha.

Dada ndiye wa kuipata dawa hii. Yeye ndiye mwenye duka la ushonaji, mimi ni mkataji wake, mkasi mkubwa ni wangu peke yangu. Chuo cha wauguzi kimempa suruali za mahafali ya Jumamosi. Zikiharibika, kazi zote za chuo zinahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, na sisi tunafunga mlango. Basi Dada halali usingizi, hali chakula, anashinda akimeza panadoli. Nimeapa kumponya. Nikimponya atanipa usimamizi wa duka, maana nasikia anataka kumpa Mvuke, mpiga pasi wetu. Jina limetokana na pasi, pia na pua zake akikasirika.

Jumanne, 4 Machi

Nimefundisha. Mafanikio ya ajabu!

Bibi Vifungo, anayeshona vifungo hapa tangu enzi za marehemu mama, alishika somo papo hapo. Akasema usingizi haumo mikononi mwake, akalaza kichwa mezani na kukoroma. Fundi wa cherehani akasema uzi ukikatika si yeye aliyeukata, akatoka kwenda kunywa soda. Kufika adhuhuri duka limetulia kama chumba cha mtihani.

Dada akarudi na boksi la zipu, akauliza nani amekufa. Mvuke akamjibu kwamba ni kazi, na muuaji ni yule pale mwenye mkasi. Mbea mkubwa! Dada akaapa kwamba atakayemkuta amelala tena atamshona kwenye pindo la suruali, aende naye mahafali. Nilipomwambia kwamba hasira ni chaguo, akaniuliza kama na kofi ni chaguo.

Mgonjwa anaikataa dawa. Dalili nzuri.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya kukata. Nieleze, maana hata wasomi hawajui. Kitambaa chetu kina uso unaong'aa na mgongo uliofifia. Unakikunja uso kwa uso, unakata, unapata mguu wa kulia na wa kushoto kwa mpigo mmoja. Mtoto wa chekechea anaweza.

Ila leo nilikuwa natafakari kifo. Kijitabu nilichookota kule ukumbini kinasema anayetafakari kifo hatikiswi na kitu. Nikatandika huku natafakari. Nikakata huku natafakari. Mkasi uliimba! Nikamaliza jora zima, nikaanza kupanga.

Kulia. Kulia. Kulia. Kulia.

Sikukunja. Nilitandika tabaka zote uso juu. Jora zima la miguu ya kulia! Nimewashonea wauguzi wasio na mguu wa kushoto!

Nikatikiswa. Nikakariri haraka: yasiyo mikononi mwako, yaache. Lakini mkasi ulikuwa mkononi. Sitaki kuingia kwenye hilo sasa hivi. Nimefunika rundo kwa turubai na kumwambia Dada kitambaa kinapumzika. Akanitazama. Akasema bora hicho kinachopumzika, yeye hapumziki.

Alhamisi, 6 Machi

Suluhisho! Nusu ya miguu nikiigeuza ndani nje, inakuwa ya kushoto. Inafifia kidogo, lakini kung'aa ni mtazamo tu. Nikaunganisha suruali moja kwa siri, nikampa Mvuke aipige pasi bila kuuliza maswali.

Akaiinua juu. Akasema mguu mmoja unakwenda harusini, mwingine mazikoni. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe na yeye alikuwa kwenye mhadhara, viti vya nyuma, tena alikaa mpaka mwisho! Akaniuliza kama kundi la pili nililisikia. Nikasema nalijua tangu utotoni. Akasema vizuri, basi nikamwambie dada yangu, maana ulimi umo kinywani mwangu na miguu inajua njia.

Nikaenda stoo kutafakari.

Ukuta wa stoo ni mbao tupu. Nikamsikia Dada akimwambia Bibi Vifungo, taratibu, kwamba kazi hii ikimponyoka hajui atamtazamaje usoni yeye Bibi, mtu aliyemfundisha kushika sindano. Bibi akamwambia anyamaze, mwanangu, anywe maji. Halafu nikasikia Dada analia. Dada yangu! Aliyenibeba mgongoni kwenda shule, viatu vyangu kavifunga shingoni mwake nisivilowanishe. Nikatafuta sentensi hata moja ya falsafa ya kumpelekea. Hakuna. Kichwa cheupe.

Nikatoka nikiwa nalia kuliko yeye, nikafunua turubai, nikasema yote, nikakaa, kumbe juu ya mto wa pini.

Dada hakunitazama. Alitazama miguu, akatazama jora la pili ambalo halijafunguliwa. Akauliza kama nimeligusa. Nikasema bado. Akafuta pua. Akasema mwehu wewe, jora la kwanza lilikuwa la nusu ya suruali, la pili la nusu nyingine. Hili likikatwa lote kushoto, si kila mguu umepata mwenzake?

Halafu akacheka! Wote wakacheka. Mimi pia, nikiwa nimesimama, kwa sababu ya pini.

Akauchukua mkasi wangu na kumkabidhi Mvuke. Mimi nimepewa pasi.

Ijumaa, 7 Machi

Tumeshinda kazini mchana kutwa. Mvuke anakata sawa, siwezi kumsifu. Jioni mzigo umepelekwa chuoni, umepokelewa. Imebaki suruali moja tu, ya mkuu wa chuo mwenyewe, mama mnene mwenye sauti ya kengele, aliyetaka kiuno kiongezwe. Ataipitia kesho akienda mahafali.

Nimepiga hesabu yangu. Dada alikuwa analia, sasa anacheka. Nani aliyeleta falsafa dukani? Nimemkumbusha Dada. Amesema nipige pasi, na nikifanya hivyo vizuri, Jumatatu atafikiria kunirudishia mkasi.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nilikuwa katikati ya suruali ya mkuu wa chuo, umeme ukakatika. Mtu wa kawaida angetukana. Mimi? Umeme haumo mikononi mwangu. Nikauacha uende zake, na pasi nikaiacha palepale ilipokuwa, nikaenda saluni ya jirani kuwatuliza kina mama waliokwama na vichwa vilivyolowa. Walinisikiliza! Mmoja akauliza kama falsafa inasaidia kweli kwenye maisha haya. Nikamwambia anitazame mimi.

Umeme ukarudi. Wakashangilia, mashine za nywele zikanguruma, mimi nikaendelea na somo. Kisha ikaja harufu.

Tundu lenye umbo la pasi. Makalioni. Na mkuu wa chuo mlangoni.

Amekwenda mahafali na sketi ya Dada, pini nne ubavuni. Kazi za chuo hazikuondoka, kwa sababu Dada alipiga magoti. Alipoinuka hakunifokea. Alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye ni dada yangu siku zote, chakula nitakikuta kwake, ila dukani nisikanyage tena, hata kuegemea ukuta.

Nimemweleza kwamba umeme ulirudi bila taarifa. Kosa la umeme! Lilikuwa nje ya uwezo wangu kabisa. Mvuke akaunyoosha waya wa pasi mbele yangu, akanionyesha plagi.

Saluni wameniambia nirudi Jumatatu na somo jingine. Nitawafundisha kutafakari kifo wakiwa wameshika mkasi.

Na ile bahati? Uongo. Sina bahati, sijawahi kuwa nayo.