Chupa ya Kipa wa Tatu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Siku ya kwanza kambini. Chumba namba saba, mimi na kipa wa pili, yule tunayemwita Twiga kwa urefu wake. Kitanda cha dirishani amekiwahi yeye. Nimeandika tu hapa.

Mimi ni kipa wa tatu wa timu ya taifa ya wanawake. Mwaka wa nne huu. Dakika nilizocheza: sifuri! Benchi nimelisugua mpaka linang'aa. Mama husema jezi yangu ndiyo pekee inayorudi nyumbani safi, na husema kwa fahari. Anadhani ni usafi wangu.

Leo Kocha ametutangazia. Jumamosi tukishinda, tunaingia fainali za kombe. Ila safari ina nafasi mbili tu za makipa. Akamtazama Ukuta, kipa wa kwanza, mwanamke anayeingia mlangoni kwa ubavu. Akamtazama Twiga. Kisha akatazama saa yake.

Makipa watatu, nafasi mbili. Kwa hiyo Twiga lazima aharibikiwe. Kidogo tu. Simchukii, ana kitanda changu basi.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mpango! Kila kipa anajua kwamba glovu haianikwi juani. Inaning'inizwa kivulini, vidole chini. Ikipigwa na jua, kiganja chake kinakuwa kigumu na kupasukapasuka, na hapo hudaki kitu.

Baada ya chakula cha mchana Twiga alilala fofofo. Nikachukua glovu zake kitini, nikapanda nazo juu ya paa, nikazilaza kwenye bati la moto. Saa mbili nzima. Nikazirudisha zilipokuwa na kushuka uwanjani nikipiga mluzi, kama mtu asiye na neno na mtu.

Mazoezi ya jioni. Glovu zangu nilizisahau chumbani, Twiga akaniletea. Krosi ya kwanza ikaniponyoka kama sabuni. Ya pili vilevile. Ya tatu ikanigonga puani. Nikazitazama glovu nilizovaa. Ngumu, zimepasuka. Ndani ya mkanda wa kifundo, jina langu, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Wote tumepewa glovu za aina moja na rangi moja! Nani alipitisha jambo hili?

Twiga alidaka kila kilichokuja. Kocha akaandika kitu kwenye daftari lake, na kilikuwa kirefu. Jioni Twiga akanipa glovu zake za akiba kabla sijaomba. Zinanipwaya vidoleni. Nimemshukuru kwa ufupi.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mpango mpya, huu wa akili. Simwangushi mtu. Najifanya wa lazima!

Mechi kama ya Jumamosi huishia kwenye penalti, na Ukuta hukumbuka sura, hakumbuki miguu. Basi nitamtengenezea chupa. Makipa wakubwa wanafanya hivyo: chupa ya maji kando ya mlingoti, imebandikwa plasta, na kwenye plasta umechorwa upande anaopenda kila mpigaji. Unakunywa funda moja, unasoma, unaruka.

Nilikwenda kwa mtunza vifaa kuomba plasta. Akauliza nimeumia wapi. Nikamwambia ni siri ya taifa. Akanipa, huku akinitazama kwa huruma.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimejifungia chumba cha mikutano na kanda za wapinzani tangu asubuhi. Kochi zuri, chai ya moto, miguu juu ya meza. Penalti thelathini na moja. Nimerudisha nyuma, nimesogeza mbele, nimerudisha tena. Namba tisa wao hupenda pembe moja tu, kama mtu mwenye kiti chake kanisani. Nimechora magoli madogo kwa kalamu ya bluu, moja kwa kila mpigaji, na mshale ndani. Kazi safi sana! Sijawahi kuwa na siku nzuri hivi kambini.

Twiga akaingia kuchukua chaja yake. Akainama, akaitazama chupa kwa muda. Akaniuliza nilisimama wapi nilipokuwa nachora. Nikamjibu kwamba sikusimama, nilikaa, kwenye kochi, kama anavyoona. Akaitazama chupa tena, akachukua chaja, akaondoka.

Wivu huo. Nimemsamehe.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimemkabidhi Kocha chupa mbele ya timu nzima. Makofi! Ukuta akanikumbatia, mbavu zangu bado zinalalamika. Kocha akasema kwamba miaka yote hii hakujua nina kichwa. Nimelichukua kama sifa.

Mama alipiga simu. Anakuja kesho na shangazi zangu wawili, wameshashona jezi zenye namba yangu. Akauliza kama nitacheza. Nikamwambia nitahusika. Akapiga kigelegele, na kupitia simu nikasikia shangazi wakipokea.

Sasa roho iko juu. Kesho isipofika penalti, mimi ni mtu aliyeleta maji.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Bao moja kwa moja. Dakika za nyongeza, bado bao moja kwa moja. Penalti! Nilikuwa mtu pekee uwanjani aliyefurahi.

Ukuta akasimama golini, akageuka kututazama, akainua mkono wa kulia kukaza glovu. Mkono huo ulikuwa upande wangu wa kushoto.

Nikauangalia tena. Kushoto kwangu, kabisa. Kamera zote za kanda zile zilikuwa nyuma ya mpigaji. Nilichora goli kama anavyoliona mpigaji, na Ukuta anasoma akiwa ameligeuzia goli mgongo. Kila mshale unamtuma upande usio na mpira! Mimi, kipa! Miaka minne ya kutazama mpira nikiwa nimekaa!

Nikachomoka mbio kuelekea golini nikipiga kelele. Mwamuzi wa akiba akanishika jezi, akamwita mwenzake, nikaonyeshwa kadi ya njano. Jukwaani nilimsikia Mama akishangilia, maana alidhani naingizwa.

Nikafumba macho. Uwanja ukalipuka. Nikafumbua jicho moja: Ukuta amelala chini na mpira ameukumbatia. Penalti ya nne akadaka tena. Tumefuzu! Watu walinibeba mimi na chupa. Nimelia, sijui kwa lipi.

Chumbani niliichunguza chupa. Juu ya plasta yangu kulikuwa na plasta nyingine. Magoli yaleyale, namba zilezile, mishale yote imegeuzwa, kwa kalamu nyekundu ya Twiga.

Nikamtazama. Alikuwa anakunja soksi.

"Nilibadilisha asubuhi kwa mtunza vifaa, ulipokuwa unaoga," akasema. "Ungesema nakuonea wivu. Na usinitazame hivyo, wewe ndiye uliyekaa siku nzima na zile kanda. Mimi niligeuza tu."

Nikamwambia kuhusu glovu. Yote, mpaka bati. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akasema alijua. Hakuwa amelala. Alitaka kuniambia kwamba hizo ni zangu, ila nilikuwa nimeshafika ngazini na nilionekana nina furaha.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nilikwenda kwa Kocha kukiri. Nimelala na uamuzi huo, nimeamka nao, nimeutafuna pamoja na mkate. Nafasi ni ya Twiga na heshima ni yake. Nikaanza kusema. Kocha akanikatiza: ameongea na shirikisho, makipa wanakwenda watatu. Twiga amekwisha kumweleza jinsi tulivyoitengeneza chupa pamoja, mimi nikitazama na yeye akichora, na timu yenye wawili kama hao haiwatenganishi.

Tulivyoitengeneza pamoja! Nilirudi chumbani nikamkumbatia Twiga kiunoni, ndipo ninapofikia. Nikamwambia kitanda cha dirishani ni chake mpaka kombe liishe. Akasema ahsante, ni chake tayari.

Mama amepiga simu. Amekata picha yangu gazetini, ile ya kadi ya njano. Jina langu limeandikwa kwenye ripoti ya mechi ya timu ya taifa! Shangazi wanaitia fremu. Na jezi niliyompa baada ya mechi, anasema, safari hii ina doa mahali aliponishika mwamuzi. Hataifua.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nimekuwa mtu mpya. Nimejifunza, na nimeyaweka moyoni.

Asubuhi Kocha ametupa kanda za wapinzani wa kwanza wa kombe. Nimewahi kochi. Chai pembeni, miguu mezani, plasta mpya, kalamu ya bluu. Wapigaji sita tayari nimewachora, mishale imenyooka kuliko ya mara ya kwanza. Glovu nilizopewa na Twiga nilizifua, zilikuwa zinanuka. Nimezianika juu ya paa, maana leo jua ni zuri ajabu.

Twiga amepita sasa hivi. Akaniuliza nimesimama wapi. Nimemwambia sijasimama, nimekaa. Amevuta kiti, ameketi karibu yangu, na anatafuta kalamu yake nyekundu.