Kuhusu Mwalimu Khavere Kupiga Kelele Darasani

Nzivo Mutisya,
Kiongozi wa Darasa (bado),
Chuo cha Mkwaju, Njiru.
Agosti 21

Kwa Bi. Beldina, Mkuu wa Wanafunzi,

Mheshimiwa Madam,

Nakusalimu kwa heshima zangu zote, hata zile nilizokuwa nimemwekea mama mkwe. Mimi ni yule kijana wa kuchomelea vyuma, mrefu, mtanashati, kutoka Kariobangi. Geti unaloingilia asubuhi bila kulisukuma kwa bega, bawaba zake nilizitengeneza mimi. Sijasema unishukuru.

Unajua muhula huu wa Agosti, shule zikifungwa, walimu hujaa hapa kuongeza masomo. Sisi wachomeleaji sita tumechanganywa nao, wako arobaini, katika somo moja la Stadi za Mawasiliano. Nisipolipita Ijumaa sipati cheti, na bila cheti yule fundi wa Donholm aliyeniahidi kazi atamchukua mwingine. Kikwazo changu ni mtu mmoja: Mwalimu Khavere. Alinifundisha darasa la sita, na kila siku jina langu lilikuwa la kwanza kwenye orodha yake ya wapiga kelele. Leo tunakaa dawati moja, na kiongozi wa darasa ni mimi. Nilichaguliwa kwa kura zote, kwa kuwa hakuna mwalimu aliyetaka kufuta ubao.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Anapiga kelele. Nimemwandika siku kumi na moja mfululizo. Anaongea na mwenzake, Mwalimu Mulongo, habari za sare ya chama chao. Nikisema nyamazeni, ananijibu, "Nzivo, pangusa kamasi." Madam, nina miaka ishirini na miwili. Na lile lilikuwa vumbi la karakana.

2. Akiingia, miguu yangu inasimama yenyewe. Sijaiamuru. Jana aliingia amechelewa, akasema "Hamjambo" polepole tu, na mimi nikasimama wima nikaimba "Hatujambo, mwalimuuu!" peke yangu, mhadhiri akiwa katikati ya sentensi. Je, Ijumaa akitoka kwenda msalani mtihani ukiendelea, nitasimama mara ngapi?

3. Ananakili. Yeye! Aliyenipigisha magoti kwenye kokoto kwa kuchungulia daftari la jirani. Kwenye jaribio la wiki ya pili aliniambia, "Nzivo, sogeza kiwiko, mwanangu." Nikasogeza, maana nimelelewa. Sote tukapata nne kwa ishirini, na sasa anatangaza kwamba nilimpotosha makusudi.

4. Hili ndilo kubwa. Sheria alinifundisha mwenyewe: ukiandikwa mara tatu, unaleta mzazi. Nikamwambia mbele ya darasa, kwa sauti ya cheo, asirudi bila mzazi. Jumatatu akarudi naye. Alimleta mama yangu! Mama aliacha nyanya zake sokoni, akaingia na leso kiunoni, akauliza ni nani hapa anamsumbua mwalimu, kisha akanivuta kwa sikio kutoka ubaoni hadi mlangoni. Walimu arobaini wakampigia makofi ya kilo. Nilijaribu kumwandika mama pia, akaninyang'anya chaki.

Kwa hivyo naomba ahamishwe darasa. Kama haiwezekani, tubadilishane. Ikiwa mwalimu amekuwa mwanafunzi, basi kiti chake kule shuleni kiko wazi. Shule zikifunguliwa abaki hapa achomelee mageti, nami niende Kariobangi nikaifundishe hiyo Gredi yake ya Tano. Uzoefu ninao. Nimeandika orodha kumi na moja za wapiga kelele, na hakuna hata moja iliyokosa jina.

Niweke kalamu chini kabla mkono haujazoea. Wasalimie wote wa ofisini, askari wa geti langu, mpishi Wekulo (mwambie maharagwe ya Jumatano yalikuwa na msimamo), na yeyote aliyeifungua bahasha hii kabla yako.

Ni mimi, niliyeonewa nikazidi kung'aa,

Nzivo Mutisya

Tanbihi: Tafadhali usimhamishe kabla ya Ijumaa. Kila saa kumi na moja jioni, nyuma ya karakana, Mwalimu Khavere ananifundisha kuandika barua rasmi, kwa sababu anasema swali la kwanza halikosi kuwa hilo. Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za kwanza alizichana. Hii ameisoma yote, amefuta "nadai" akaweka "naomba", amenipa kumi na sita kwa ishirini, na ameandika pembeni kwamba lalamiko la tatu ni uongo, kiwiko kilichosogezwa kilikuwa chake. Hilo tutalichunguza baadaye. Mimi nilitaka kuikunja niitie mfukoni. Akasema barua isiyotumwa ni kelele tu, na leo daftari la wapiga kelele analo yeye.